Joto la Tanuri la Brenneis

Ottokar Brenneis alikuwa akianza siku kwa uchungu: lazima apite mbele ya tanuri la Wendelin Kraft na kuona amonia ikitoka kwa wingi kuliko kwake. Kiwanda kilikuwa kimoja, hapo ukingoni mwa mto Rhein, Ujerumani, na kichocheo ndani ya matanuri yote mawili, zile punje zinazoharakisha gesi kuwa amonia, kilikuwa chuma kile kile. Mkuu wa ukumbi wa matanuri alikuwa anastaafu, na mmoja wa hawa wawili ndiye angekalia kiti chake. Ottokar alikitaka hadi akawa anasahau kula.

"Kraft ana bahati tu," alimwambia mkewe, Hedwig, mezani.

"Bahati gani hiyo ya kila mwaka? Kula soseji yako, Otto."

Akaongeza joto la tanuri lake. Amonia ikapanda, naye akatembea ukumbini kifua mbele. Akaongeza tena. Safari hii ikashuka.

Wendelin akamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Bwana Brenneis, shusha moto. Joto linaharakisha, sawa, lakini linaharakisha pande zote mbili. Unaiunda amonia na kuivunja humo humo, na joto likizidi, kuvunja ndiko kunakoshinda."

"Na huruma hii umeitoa wapi leo?"

"Utakiua kichocheo, bwana."

"Kahangaike na chako."

Ottokar aliyajua hayo yote, tangu chuoni. Angeyasema mtu mwingine yeyote, hata mfagizi, angeshusha moto saa ile ile. Lakini yametoka kinywani mwa Kraft, basi ni mtego tu: anataka nibaki nyuma. Ndivyo wivu ulivyompumbaza mtu mzima na akili zake. Akapandisha tena.

Tanuri lilipofunguliwa, punje za kichocheo zilikuwa zimeshikana mabonge; kichocheo kimekufa. Sasa hata kushusha joto hakukusaidia kitu.

Kiti akapewa Wendelin. Ottokar akangoja kufukuzwa, na kwa kweli alitamani afukuzwe, apate sababu ya kumchukia mtu yule kwa raha zake.

Jumamosi Wendelin aliwanunulia wote bia, kama inavyompasa aliyepandishwa cheo. Akasimama. "Nimeomba Brenneis awe msaidizi wangu. Kichocheo kufa ni mambo ya kazi, na matanuri haya hakuna anayeyajua kama yeye." Kisha akamsogelea na kikombe chake. "Tuache haya ya bwana-bwana. Niite Wendelin."

Kwa Wajerumani ni mwiko kugonganisha vikombe bila kutazamana machoni. Ottokar akatazama. Akatafuta dharau mle ndani, hata ya kuonja, apate pa kuiegemeza chuki yake. Hakuiona. Mwanzo alimwonea mwenzake wivu wa kiti tu. Sasa alimwonea wivu wa moyo wake, na moyo kama huo mtu hapewi na wakubwa kama cheo.