Nitawauliza Wote

Kila siku saa moja asubuhi toroli sita za mashuka machafu zilishushwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na wachambuzi watano wakayakung'uta moja moja kabla hayajaingia kwenye mashine. Mara nyingi kilichodondoka kilikuwa pamba, kijiko, au soksi ya mgonjwa. Mara nyingine ilikuwa sindano. Walikung'uta kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu ziliombwa miaka miwili iliyopita na jibu lilikuwa bado linaandaliwa.

Wafuaji waliunda kamati ya kudai glavu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa boila, aliyesikia vizuri kwa sikio moja tu. Katibu alikuwa mpiga pasi. Msemaji alikuwa mchambuzi mmoja aliyeitwa Kengele kwa sababu ya sauti yake: akikohoa kule chini, wauguzi wa ghorofa ya pili walimwambia pole.

Kengele alikuwa dada wa mume wa mpiga pasi. Waliitana wifi, kazini na nyumbani. Hotuba zote ziliandikwa na mpiga pasi zikasemwa na Kengele, na makofi yakaenda kwa aliyesema. Mpiga pasi hakuwahi kulalamika. Aliyasikia tu, kila mara, akiwa amesimama pembeni na karatasi zake.

Jumatatu moja alikuta kikaratasi kwenye meza ya pasi, juu ya foronya. Mwandiko ulikuwa wa Kengele. Mvuke ulikuwa mwingi na miwani ilikuwa mfukoni mwa aproni. Hakuitoa. Alisoma hivi: "Wifi, kesho naingia kwa wakubwa peke yangu. Nitawauza wote, mmoja mmoja, kwa majina. Usiwaambie wenzetu mpaka nirudi."

Saa ya chakula aliwaambia wenzao.

Walikutana chumba cha boila, watu kumi na tisa, wamesimama. Mpiga pasi alisoma kile kikaratasi kwa sauti, akakikunja, akakitia kwenye pochi.

"Mwandiko ni wako au si wako?" mzee wa boila akauliza.

"Ni wangu, lakini sikuandika hivyo," alisema Kengele. "Nipeni nikione."

Alinyoosha mkono. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyemwambia mpiga pasi akitoe. Watu kumi na wanane walianza kusema kwa pamoja. Kengele angeweza kuwazima wote kwa neno moja, lakini alikuwa akimtazama wifi yake, na mkono wake ulibaki hewani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha aliushusha akatoka. Mzee wa boila alimwambia katibu aandike kwamba amefukuzwa kwenye kamati.

Ijumaa walienda kwenye geti la hospitali kudai glavu, kama walivyopanga. Mpiga pasi alishika kipaza sauti kwa mara ya kwanza, akakiweka mdomoni, akasema, "Ndugu zangu." Sauti iliyotoka ilikuwa ya Kengele.

Alikishusha. "Moja, mbili," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. Alikipandisha. "Tatu," kikasema kwa sauti ya Kengele.

Mzee wa boila alikichukua, akafungua nyuma, akazigusa betri kwa kidole.

"Betri nzima," alisema. "Endelea."

Akaendelea. Wauguzi walijaa madirishani, wagonjwa wanaoweza kutembea walishuka, na afisa utawala alitoka kibarazani kwa mara ya kwanza, akasema suala la glavu ataliangalia. Makofi yalipigwa. Mpiga pasi aliyasikia akashindwa kujua ni ya nani. Kutoka siku hiyo yeyote aliyeshika kipaza sauti alisema kwa sauti ya Kengele, na kamati iliona ni jambo la kufaa.

Kengele mwenyewe aliendelea na kazi ya kuchambua mashuka, kwenye meza ya mwisho. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsemesha, zilipita siku tisa kabla haijajulikana kwamba hasemi.

Aliyegundua ni kaka yake, fundi viatu, alipokwenda kumtembelea Jumatano.

"Dada hana sauti," alimwambia mkewe aliporudi.

"Amenuna."

"Hajanuna. Anafungua mdomo, inatoka hewa. Mmemfanya nini?"

"Muulize yeye alitaka kutufanya nini." Mpiga pasi alichukua pochi, akatoa kile kikaratasi. "Soma mwenyewe."

Fundi viatu alisoma taratibu, kama mtu anayesoma bei. "Wifi, kesho naingia kwa wakubwa peke yangu. Nitawauliza wote, mmoja mmoja..."

"Rudia hapo."

"Nitawauliza wote."

Mpiga pasi alivaa miwani. Ile *li* ilikuwepo. Haikuwa imefutika wala kukunjwa wala kumwagikiwa maji; *l* ilikuwa ndefu na imenyooka, na *i* ilikuwa na nukta yake. Aliitazama mpaka mumewe alipomwuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Alikuwa akijaribu kukumbuka kama siku ile hakuiona kabisa, au aliiona akaipita. Hakupata jibu, na hilo lilimtisha kuliko jibu lolote.

Kesho yake hakwenda kwenye pasi. Alikwenda moja kwa moja meza ya mwisho.

"Wifi," alisema, "nilisoma vibaya."

Kengele alikuwa akikung'uta shuka. Aliliweka chini, akachukua fomu moja ya idadi ya mashuka, akaandika neno moja nyuma yake. Mpiga pasi alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi.

"U-nge-ni-u-li-za."

Hakuruka hata moja. Kengele alirudi kwenye shuka lake.

Kamati ilikutana tena. Kikaratasi kilizungushwa mkono kwa mkono, watu kumi na wanane wakakisoma, kila mmoja akakimaliza haraka na kumpa wa pili. Mzee wa boila alisema kosa limetokea, Kengele arudishwe, na katibu aandike.

"Niandike nilisoma vibaya," alisema mpiga pasi.

"Andika 'barua ilisomwa vibaya.'"

"Aliyeisoma ni mimi."

"Na sisi tuliisikia. Andika 'ilisomwa.'"

Akaandika hivyo. Kengele alipewa kipaza sauti ajaribu. Alikiweka mdomoni, na ikatoka pumzi ndefu kama ya tairi la baiskeli. Alikirudisha. Mpiga pasi alisema basi yeye atakwenda getini akaseme ukweli mbele ya watu wote, maana jina la wifi yake lilichafuka hadi wodini. Hakuna aliyepinga.

Ijumaa getini palikuwa na watu wengi kuliko siku zote. Kengele alisimama mbele, kati ya wachambuzi. Mpiga pasi hakuwa ameandika kitu.

"Hakuna aliyewauza," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa. Nilimsingizia mwenzangu. Nilikuwa na kijicho naye, na nimeona aibu kusema mpaka leo. Naomba mnisamehe."

Yote hayo yalitoka kwa sauti ya Kengele, wazi, hadi ghorofa ya tatu.

Watu walimgeukia Kengele. Muuguzi mmoja alifuta machozi. "Kumbe mwenyewe amekiri," alisema. "Si kazi ndogo." Makofi yalianza nyuma yakaja mbele. Kengele alifungua mdomo, akaufunga.

Mpiga pasi alitupa kipaza sauti chini. "Ni mimi!" alipiga kelele. "Mimi, siyo yeye!" Lakini sauti yake ilikuwa ile ile nyembamba, na makofi yalikuwa mengi. Mkunga aliyekuwa karibu alimsikia, akamshika bega.

"Usimbebee, mama," alimwambia kwa upole. "Mwache ajisafishe mwenyewe."

Watu walipanga mstari kwenda kumpa Kengele mkono. Walimwambia yamekwisha, walimwambia binadamu hukosea, walimwambia asirudie. Afisa utawala alishuka kibarazani naye akampa mkono, akasema glavu bado anaziangalia. Mpiga pasi alisukumwa na watu mpaka akajikuta na yeye yumo kwenye mstari, hatua kwa hatua, nyuma ya mzee wa boila.

Zamu yake ilipofika alisema, "Wifi."

Kengele alimpa mkono kama alivyowapa wengine, kwa muda ule ule. Vidole viwili vilikuwa na plasta, na ya kidole cha shahada ilikuwa ya asubuhi ile, bado ina unyevu wa damu. Kisha alimgeukia aliyefuata.