Mbuzi Aliyeitwa Koplo

Mganda wa ufuta uliokauka haubebwi kama kuni. Unaukumbatia kama mtoto mwenye homa, kichwa juu, unatembea nao taratibu mpaka kwenye turubai, ndipo unaupindua na kuugonga kwa kijiti, chembe zikamwagika shaa. Ukijikwaa njiani, umeshampandia mtu shamba lake upya bila kuombwa. Mwantumu alikuwa akibeba miganda tangu alfajiri shambani kwa Ashura, huko Mkotokuyana, na jua lilikuwa limemkalia utosini kama mdeni aliyekataa kuondoka. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limelala nyasi. Aliyekuwa akililima ni mwanawe, na mwanawe alikuwa ng'ambo, ameshika bunduki.

Anuari aliondoka na kikosi cha kulinda amani, kwenda nchi ambayo jina lake lilimshinda mama yake kulitamka. Alilijaribu mara mbili tatu, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki, akaliacha. Alisema tu "huko kwa watu". Walipoondoka waliambiwa watakwenda, watakaa kidogo, watarudi. Kidogo kikaongezwa kidogo kingine. Wawili kati ya vijana wa upande wa Kiegei walirudi wamelala, wamefunikwa bendera, na kila msiba Mwantumu alikwenda, akasaidia kusonga ugali, akarudi nyumbani hana usingizi.

Kwa kawaida, ukimwona Makoye anakimbiza baiskeli porini, jua ng'ombe wake kaingia shamba la mtu. Alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole, na kila mtu kijijini alikuwa na neno la kumlalamikia isipokuwa Mwantumu. Basi siku ile wavunaji walipomwona anakuja vumbi nyuma, walianza kucheka na kuulizana ni shamba la nani leo. Yeye hakuwatazama. Alishuka hata baiskeli haijasimama, akamfuata Mwantumu mpaka katikati ya miganda.

"Mayu," alisema, kwa namna wanavyoitwa akina mama kwao, "hongera. Kijana wako kafika."

Mwantumu aliuachia mganda. Chembe zilimwagika mchangani, shaa, ufuta wa watu, na hakuna aliyelalamika. Hata Ashura, ambaye kwa chembe moja huweza kukusema mpaka wiki ijayo, aliutazama mchanga, akamtazama Mwantumu, akamwambia aende tu, ya ufuta wataongea.

Alikwenda mbio. Nusu ya njia alikumbuka kuwa uso wake umejaa vumbi, akasimama kwenye kisima cha mchanga, akanawa, akaifunga upya kanga yake. Mtu hampokei mwanawe kama jini.

Na habari yenyewe ilikuwa ya kuaminika. Uchaguzi ule uliopita hakuna chama kilichotosha peke yake bungeni. Chama kikubwa kilibaki na pengo, na pengo hilo lilizibwa na kichama cha huku kusini, Chama cha Mchi, ambacho kilipata kura zake kwa neno moja tu: Warudi. Mgombea wao, Modest Nampunju, alisimama juu ya pikapu pale Nachingwea mjini, akayataja majina ya vijana waliokufa, akatoa leso, akalia. Mwantumu alicheza mpaka kanga ikamvuka. Juzi redio ilisema Bunge litapiga kura kuhusu vijana hao, wabaki au warudi. Jana mkwewe Safina, mke wa Anuari, alikaa na simu mkononi akisubiri matokeo, mtandao ukakatika. Kwa hiyo leo, nani angekosea kuamini?

Alipokuwa akikimbia aliwaza mbuzi.

Siku Anuari alipoondoka, Mwantumu aliweka nadhiri mbele ya mwalimu wa madrasa: mwanawe akiikanyaga tena ardhi ya uwanja huu kwa miguu yake mwenyewe, atachinjwa mbuzi dume asiye na kilema, na watakaomla ni watoto wa madrasa. Yeye mwenyewe hatamwonja, wala ndugu, wala mwenye uwezo. Ndivyo nadhiri ilivyo, ukishaitamka haiwi mali yako. Mbuzi alimpata kwa kumpalilia Makoye mahindi msimu mzima, akamwacha hukohuko zizini kwa Makoye, kwa sababu alimjua kaka yake Bakary. Bakary akiona kitu chenye miguu minne haoni mnyama, anaona kitoweo. Na kwa mila za huku, mjomba ndiye mwenye ukoo. Akija akasema mbuzi huyu ni wa ukoo, utamjibu nini?

Makoye alicheka sana kusikia mtu anafuga mbuzi asiyemla. Mbuzi alipokua, akawa anatembea kifua mbele kati ya majike, Makoye akampa jina: Koplo. Anuari alikuwa bado hajapanda cheo, kwa hiyo kila Mwantumu alipopita zizini Makoye humtania kuwa mbuzi kampita kijana. Mwantumu humjibu kuwa kijana akirudi, Koplo atavuliwa cheo. Kwa mzaha huohuo walivuka misimu.

Uwanjani kwake aliona gari. Gari kubwa, jeupe, na mbele limefungwa bendera mbili, ya Chama kikubwa na ya Mchi, zimefungwa pamoja kwa kamba moja kama kuku wawili wa sokoni. Moyo ukampasuka kwa furaha. Wamemleta wenyewe, alisema moyoni. Mheshimiwa kamleta kwa mkono wake.

Harufu ya pilau ilimpokea kabla ya watu. Safina alikuwa ameinama jikoni anapuliza moto, na hakuinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwantumu aliyaona, akayasingizia moshi, akapita.

Kwenye mkeka walikaa wanaume. Modest Nampunju alikuwa katikati, kavimba shingo tangu uchaguzi. Kando yake alikaa bwana mmoja wa Chama kikubwa ambaye hakujitambulisha, kisha kijana wa kamera, kisha Bakary, amevaa kofia mpya yenye alama za vyama vyote viwili. Katikati yao sinia. Walikula kama waliotumwa. Mafuta yalikuwa yanawashuka mpaka viwikoni. Modest alikuwa ameshika mfupa wa paja, ameutia mdomoni, anaufyonza uboho mpaka mfupa unapiga mluzi.

Mwantumu hakuwasalimu. Aliingia ndani. Alifunua pazia la chumba cha Anuari. Kitanda kilikuwa kama alivyokitandika, na shati lililokunjwa juu ya mto lilikuwa limekunjwa bado. Akaenda uani, akachungulia bafuni, mahali ambapo mtu aliyetoka safari angekuwa anaoga. Ndoo ilikuwa kavu. Alirudi uwanjani akasimama.

"Anuari yuko wapi?"

"Kaa kwanza, Mwantumu," alisema Bakary. "Wageni wanakutazama."

"Kaka, nimeambiwa kafika."

Makoye alikuwa ameshafika, kasimama mbali kidogo, kashikilia baiskeli yake kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mzee huyu alikuja zizini asubuhi, kwa bodaboda kutoka kwake Ruangwa, akamwambia kijana karudi, mama anataka mbuzi wake. Na kwa kuwa huku mjomba ndiye baba, yeye Makoye alifungua kamba.

Bakary hakukana. Hata aibu hakuona. Alilamba kidole gumba.

"Ningemwambia ukweli, angenipa?"

Modest alicheka, pilau ikamrukia kidevuni. Bwana wa Chama kikubwa alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kwanza kujua kama kicheko kimeruhusiwa. Mwantumu alilitazama sinia. Ukingoni kulikuwa na sikio jeusi, limechomwa na kuachwa, kwa sababu halina nyama.

Modest alimkaribisha mkekani kama uwanja ni wake. Alianza mbali. Alisema Nachingwea hii ni ardhi ya heshima, hapa ndipo walipolelewa wapigania uhuru wa watu wengine, na mtoto wa Nachingwea hawezi kumkimbia jirani anayelia. Akasema amani ya huko ng'ambo ni amani ya hapa. Maneno yalikuwa mazuri. Mwantumu aliyasikia yote, na hakuna hata moja lililokuwa na miguu ya mwanawe.

"Mheshimiwa," alisema, "ulisema warudi."

"Tulisema tutalishughulikia suala la vijana wetu, mama. Tumelishughulikia. Jana tumeongeza muda."

"Umeongeza wewe?"

"Siasa ni kubebana, mama yangu. Wenzetu hawa walikuwa wamepungukiwa, wanatapatapa. Tungewaacha, serikali ingeanguka, tungerudi kwenye uchaguzi. Nani ana nguvu ya uchaguzi? Tukawashika mkono. Na wao wametushika mkono." Alijipangusa vidole kwenye mkeka, kidole kimoja baada ya kingine. "Mimi unayeniona hapa ni naibu waziri sasa, naibu waziri wenu. Hamjapata kuwa naye tangu dunia iumbwe."

Bakary aliongezea kuwa naye kateuliwa kuongoza baraza la wazee wa muungano wa vyama hivi viwili, na pikipiki iko njiani. Alilisema hilo akimtazama dada yake kwa furaha ya kweli, kama mtu anayetarajia kupongezwa.

Mwantumu alimuuliza kama pikipiki hiyo itakuwa na bunduki, ili aipande aende huko kwa watu, mjomba mtu akapokee zamu ya mpwa wake. Safina alitoa sauti jikoni, hajulikani kama ni kicheko au kikohozi. Bakary alimwambia dada yake asilete utani mbele ya watu wazima.

Ndipo kijana wa kamera akasimama. Alieleza, kwa lugha ya redio za Dar, kwamba wanahitaji kitu kifupi tu, cha hisia, mama wa mwanajeshi. Mwantumu aligeukia jikoni. Kijana aliomba tena. Bwana wa Chama kikubwa, kwa mara ya kwanza, alifungua mdomo kwa jambo lisilokuwa nyama: aliuliza nani msemaji wa familia hii. Bakary alishainuka, anaweka kofia sawa.

Kwa mila, mwanamke ambaye kaka yake kasimama hasemei ukoo. Mwantumu alilijua hilo kabla hajaota meno. Bakary alizungumza vizuri, lazima mtu aseme kweli. Alizungumza kama anayemwoza binti. Alisema yeye ndiye mjomba, na kijana huyu ni wa ukoo wake, na ukoo umeridhia vijana wabaki mpaka kazi iishe. Alisema dada yake alikuwa na mbuzi wa nadhiri, mnyama aliyewekwa wakfu kwa ajili ya kurudi kwa mwanawe, na leo kwa hiari yake, kwa kuipenda nchi, kamtoa mbuzi huyo kwa viongozi wa muungano. Nadhiri imetimia, alisema.

"Safi sana, mzee," alisema kijana wa kamera. "Sasa mheshimiwa amlishe mama. Kidogo tu."

Modest alichagua kipande. Alikichagua kwa uangalifu, kinono, chenye mafuta yanayotiririka, akamsogelea Mwantumu na kumshika kisogo, taratibu, kama bibi harusi. Mwantumu alibana midomo. Kipande kikasukumwa midomoni, kikateleza, kikapaka mafuta shavuni na kidevuni, kikaanguka. Kijana alisema imetosha, ameipata.

Waliondoka baada ya kunawa. Walitumia maji yote ya mtungini. Bakary aliondoka nao garini, na kwapani alikuwa na mguu mmoja wa mbuzi umefungwa kwenye mfuko, wa nyumbani Ruangwa. Makoye hakuaga. Aliiokota kamba ya Koplo pale ilipotupwa, akaikunja, hakujua aiweke wapi, akaiacha juu ya jiwe la kunolea visu, akavuta baiskeli yake akaenda.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mtandao uliporudi. Simu ya Safina ililia mfululizo, video hiyo imeshatumwa kila kundi, kuanzia Nachingwea mpaka kambini ng'ambo. Safina aliitazama mara moja, hakuitazama tena. Sauti ya Bakary ilikuwemo yote. Midomo iliyobanwa haikuonekana, mkono wa Modest uliifunika. Kilichoonekana ni mama mwenye mafuta kidevuni, na watu wanapiga makofi.

Kisha ikaingia sauti ya Anuari, imerekodiwa. Safina aliomba wasiisikilize. Mwantumu alimwambia aiweke.

Nyuma yake kulikuwa na upepo na watu wanaongea. Alisema kamanda kawakusanya wote, kawaonyesha. Alisema wenzake wanamuuliza kama mama yake kawaridhia wote wabaki au kamridhia yeye peke yake. Kisha akasema, bila hasira, kama anayeuliza habari za mvua:

"Mama, nimekuona unamla."

Ikakatika. Safina alijaribu kupiga, haikuita.

Mwantumu alichota mchanga uwanjani akaanza kujisugua midomo. Alisugua kama anavyosugua sufuria, kwa ukali, huku na huku, mpaka mchanga ukabadilika rangi. Alikuwa bado anasugua aliposikia sauti zinakuja kutoka upande wa msikiti. Habari ya Makoye ilikuwa imefika mbali kuliko Makoye mwenyewe. Watoto wa madrasa walikuwa wanakuja, wamevaa kanzu zilizofuliwa, kila mmoja na sahani yake, mwalimu mbele, wanaimba kaswida ya kumpokea aliyerudi salama. Waliingia uwanjani, wakajipanga mbele ya sufuria tupu, sahani mikononi, na kwa kuwa mwalimu alikuwa amewafundisha kutonyamaza mpaka mgeni atoke ndani, waliendelea kuimba.