Kushuka Hatchet Gari Likiwa Fri

Kileleni mwa Mlima Hatchet, mahali malori husimama kupoza injini, Karleen Stensrud hakusimama. Baba yake alimkataza.

"Ukisimama utaanza upya, na kule kuanza upya ndiko kunakokunywa dizeli," alisema Mzee Orval, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. "Twende hivyo hivyo. Usimtese mnyama."

Mnyama aliyemaanisha ni pikapu. Mitamba kumi waliokuwa wakigongana kwato kwenye trela nyuma yao hakuwataja.

Balaa lilianzia dukani kwa chakula cha mifugo, kwenye kahawa ya Ijumaa. Lyle Bascom, aliyenunua pikapu mpya inayojibadilishia gia yenyewe, alisema mbele ya watu kwamba lile kopo la Orval lenye gia za mkono haliwezi kuvuta trela na kufikisha hata maili kumi na mbili kwa galoni moja. Orval akajibu kumi na tano. Katika wilaya ile ya jimbo la Wyoming, mwanamume anaweza kuongopa kuhusu mvua, hata kuhusu umri wake, akasamehewa. Maili za galoni ni heshima yake. Basi asubuhi ya safari walijaza tangi hadi shingoni, Lyle mwenyewe amesimama kando ya pampu, mikono mfukoni, anacheka. Wangejaza tena ng'ambo ya mlima, kwenye pampu ya binamu wa Lyle, na hesabu ingejulikana.

Orval angeendesha mwenyewe, ila goti lake la kushoto lilikuwa la chuma tangu Machi na halikuweza klachi. Kwa hiyo usukani ulikuwa wa Karleen, na ulimi ulikuwa wa baba.

"Haya, mama. Toa gia, twende fri."

"Baba, tuna tani sita mgongoni."

"Nimeshuka hapa fri kabla hujazaliwa. Mlima unatupa mwendo wa bure, wewe unataka kuukataa?"

"Si wa bure. Gari likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, injini hainywi hata tone. Ukiliacha fri ndipo inakunywa, ili isizime."

"Hayo umeyasoma kwenye simu."

"Nimeyasoma, ndiyo."

"Simu iliwahi kuvuta ng'ombe?"

Alicheka kwa sauti. Tangu apasuliwe goti lile hakuwa amecheka hivyo, na Karleen, mwenye miaka thelathini na minne na watoto wawili wa kurudia nyumbani, akafanya jambo alilojua ni upumbavu. Alikanyaga klachi, akavuta mkono wa gia katikati. Injini ikanyamaza hadi ikawa mnong'ono.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Misonobari ikapita, barabara ikajinyoosha. Maili arobaini na tano kwa saa. Hamsini na tano. Akagusa breki, gari likatii, lakini kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa. Sitini. Akagusa tena, akashikilia. Ndipo alipohisi kitu mgongoni mwa kiti: trela ilikuwa inawasukuma.

"Baba, trela haishiki."

"Inashika. Taa ya breki za trela si hiyo ya kijani?"

Taa ilikuwa ya kijani. Harufu ikaingia, kali, kama nywele zilizoungua. Kona ya kwanza waliichukua wakiwa wamevuka mstari wa katikati, na mitamba wote wakaangukia upande mmoja kwa kishindo kilichoyumbisha pikapu nzima. Mmoja akalia, sauti ndefu ya koo.

"Rudisha gia," alisema Orval. Hakuwa anacheka tena.

Karleen alijaribu ya tatu. Gia zikasaga meno, mkono wa gia ukamtetemesha hadi begani, ukakataa. Akakanyaga mafuta kuiamsha injini, akajaribu ya nne. Ikakataa. Ya tano ikaingia, lakini ilikuwa kama kumzuia fahali kwa uzi. Sitini na nane. Akakanyaga breki kwa mguu mzima, na kanyagio likashuka laini, likashuka, likagusa sakafu. Hapakuwa na kitu chini yake.

 

Kibao cha njano kikatokea: kona kali, maili ishirini na tano kwa saa. Kabla yake, upande wa kulia, palikuwa na kile kijia cha kokoto kinachopanda mlimani, kilichowekwa kwa magari yaliyokatikiwa breki.

"Usiingie kule!" Orval alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Utawavunja miguu ng'ombe wote! Pita kona, mbele pana tambarare!"

"Hatufiki mbele."

"Karleen, nakwambia—"

"Hatufiki, Baba!"

Akakata usukani.

Kokoto zikanguruma chini yao kama mlima unaobomoka. Kioo kikawa cheupe kwa vumbi. Mkanda ukamkata kifuani, trela ikawapiga kwa nyuma, mara moja, mara mbili, pikapu ikazama, ikazama, ikasimama.

Kimya. Kisha kwato.

Karleen alishuka. Magurudumu ya pikapu yalikuwa yanafuka moshi, chuma chake chekundu. Alichungulia ndani ya trela: tisa wamesimama, mmoja amelala, mguu wa mbele umepinda vibaya. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ukagusa gurudumu la trela.

Lilikuwa baridi. Baridi kama jiwe la mtoni.

"Ulizigusa breki za trela?"

Orval alikuwa ameshikilia mlango ili asianguke. Midomo yake ilikuwa ya majivu.

"Zilikuwa zinakwaruza," alisema. "Nilizilegeza jana. Kidogo tu. Zinakula karibu maili nzima kwa galoni."

"Na ukaniambia nitoe gia."

Karleen alipiga simu ya msaada akiwa ameketi kwenye kokoto, mgongo ameugeuzia kona. Mwanamke upande wa pili aliuliza wapo wangapi, nani ameumia, kisha akauliza nini kimetokea.

"Breki," alisema Karleen. "Za trela zilikuwa zimelegezwa."

"Na fundi gani?"

Akamtazama baba yake. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mimi ndiye niliyezilegeza," alisema.

Sauti yake ilitetemeka kiasi kwamba yule mwanamke hakumsikia. Akamwomba arudie.

Akarudia.