Kamba wa Pangani

...kisu hakikupita, basi ni kibudu, sina la kuongeza, mimi Salimu ndiye ninayechinja kijiji hiki chote, tangu tuhamishiwe hapa kwenye ujamaa hata Gaspari mwenyekiti na Ukristo wake hashiki kisu, ananiita mimi ili nyama iliwe na wote, sasa Mwanaidi, mke wa mwanangu Mughwai, kaletewa kifurushi kutoka kwao Pangani, kamba wakavu, vidudu vyekundu vina masharubu, astaghafirullah, nikatangaza mkutanoni kwamba ni haramu, nikatangaza vizuri, sauti haikutetemeka... "Kula, Baba Mughwai, ugali unapoa," mke wangu huyo, nakula, nimeshanawa, kambare wa ziwa Kitangiri huyu, mnono, bismillahi... "Na huyu ulimchinja lini?" Mwanamke ana maneno huyu! Samaki hachinjwi, kila mtoto wa madrasa anajua, samaki ni wa maji... na kamba ni wa wapi, wa mlimani? Ngoja. Aya ya mawindo ya bahari naijua kwa moyo, naifundisha mwenyewe, haikutaja masharubu, na mwalimu wangu wa Kondoa alisema wanaobishaniwa ni kaa, maana wanaishi nchi kavu pia, kamba hakuwagusa hata siku moja... lo, Salimu, umeona masharubu ukasahau aya! Ni halali, halali kabisa, bila wasiwasi... ila wiki nzima wanawake wa shamba la kijiji hawaonji alichopika yule binti, eti mikono yake ina kibudu, ana mimba ya miezi mitano na anakula peke yake nyuma ya nyumba, na kesho Mughwai anampeleka Manyoni kupanda garimoshi, aende kwao, asirudi tena hapa, kwa sababu ya mdomo wangu huu. Naona aibu, jamani. Nitamtuma mke wangu, aseme mzee amefikiri upya... hapana, haramu niliitangaza mwenyewe, nimesimama, watu wananitazama, halali nayo itatoka kinywani mwangu, kwake kwanza, mkutanoni baadaye... lakini kwetu baba mkwe hamtazami usoni mke wa mwanawe, seuze kumwambia nimekosa, mlangoni kwake sijafika tangu aolewe... "Mbona huli?" Mkono bado uko juu ya sahani, nyumba ya pili nasikia sanduku likifungwa, nitakwenda, wallahi nitakwenda, sasa hivi... ila hodi hupigwaje kwa mkwe?