Klachi Ambayo Hakuna Aliyeikanyaga

Mastura alikuwa na chuma kwenye mguu wa kulia tangu ajali ya bodaboda, na mguu huo haukuweza kubana pedali ya mafuta kutoka Bukoba hadi Muleba. Kilichomwokoa ni kruzi, kile kitufe cha kwenye usukani kinachoshika mwendo chenyewe, dereva akapumzisha mguu. Kruzi ilipogoma, safari zake za kufuata samaki zikafa nayo.

Kaka yake Faruku, fundi wa gari lake, aliyemfundisha hata kuendesha, akachungulia, akatikisa kichwa. "Kompyuta imekufa, mdogo wangu. Pumzika. Samaki nitakufuatia mimi." Mastura akamwombea dua. Miezi miwili samaki walikuja wachache, tena wadogo, naye hakuuliza. Nani humpima kaka yake kwa mizani?

Jumatatu moja alichoka kukaa, akajikongoja na gari kutoka Nyanga hadi kwa Kashaija, fundi umeme wa magari kata ya Bakoba, mjini hapohapo. Kashaija akachomeka mashine ya kupimia, akakunja uso.

"Waitu dada, toa mguu kwenye klachi."

"Sijaigusa."

"Gari linasema umeikanyaga. Na klachi ikikanyagwa, kruzi hujizima."

Akalala chali chini ya usukani, akamulika swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya klachi. Swichi ilikuwa nzima. Waya wake ulikuwa umechomolewa, ukazungushiwa tepu na kufichwa nyuma. "Huu haukuchomoka wenyewe," alisema.

Mastura akainama. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa, isisumbue kucha siku ya kufungua. Fundi mmoja tu Bukoba nzima alikuwa na adabu hiyo ya kazi, naye alinyonya ziwa moja na Mastura. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi kinavyouma.

Kashaija akaurudisha waya. Mastura hakumpigia Faruku simu. Alishika barabara ya Muleba, kruzi ikatii, machozi yakamtoka njia nzima.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Mayunga, mvuvi aliyemuuzia samaki miaka sita, alipomwona akaangusha kapu. Akatazama miguu yake, wa kushoto, wa kulia, akarudia tena.

"Samaki wangu anawachukua nani?" Mastura aliuliza.

"Wifi yako Nuriat. Kaka yako alimleta, akasema wewe ndiyo basi tena, umekatwa mguu." Mayunga akaokota kapu. "Alilia, dada. Hadi na sisi tukalia."