Kanuni ya L

Mkutubi aliitunga kanuni ile mwenyewe, na wakati huo alijiona amefanya la maana. Waorodheshaji wake wanne walikuwa wakinakili miswada ya kale kila mtu kwa ulimi wake, hadi kadi moja ikasomeka "karamu ya mwanzi na wino wake". Wageni walicheka mpaka wakakohoa. Ndipo akabandika karatasi ukutani: mwandishi asiyetofautisha R na L, andikeni L kila mahali.

Leo kanuni hiyo ilikuwa imemgeukia mwenyewe.

Mbele yake alikaa mama mzee, fundi cherehani, aliyelileta mwenyewe daftari la ukoo wake lihifadhiwe. Pembeni alisimama mtoto wa kaka wa fundi huyo, msimamizi wa makaburi ya familia, kashika nakala ya orodha ya maktaba yenye mhuri. Humo daftarini, baba aliyemlea fundi aliandika majina ya watoto wote wa nyumba yake. Mbele ya jina la mama huyu, aliyeletwa pale angali wa kubebwa mgongoni, aliandika: "Huyu ni wa mba", kisha kimkia cha L au R, Mungu ndiye ajuaye, kisha i.

"Orodha yenu inasema wa mbali," alisema yule jamaa. "Wa mbali hazikwi kwetu."

"Inaweza kuwa mbari," mkutubi akajitetea. "Yaani wa ukoo. Nitaongeza maelezo chini."

"Chini, kwa herufi za sisimizi? Dada, sema moja."

Mkutubi akainama tena na lenzi yake. Alitamani kusema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, herufi moja tu. Lakini daftari zima lilikuwa na kimkia kile kile, kwenye kula na kwenye kura, na yeyote angeweza kulifungua akamuumbua. Hakuwa na la kufanya, na iliuma.

"Usihangaike, mwanangu," alisema fundi. "Daktali kashanihesabia miezi. Nataka kulala kalibu na mama aliyenilea, basi. Na alichoandika baba nakijua. Alinisomea kwa mdomo wake."

Mkutubi akainua kichwa. "Alisomaje, mama? Tamka vile vile."

Fundi akajiweka sawa kitini, akatamka kwa fahari: "Huyu ni wa mbali."

"Mama, sikiliza vizuri. Alisema mbali, au mbari?"

Mama akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Ndiyo. Mbali. Si ndivyo nilivyosema?"

"Mbari, mama. Sema mbari."

"Mbali."

Jamaa akaikunja nakala yake, akaitia mfukoni. "Umemsikia, dada. Kakiri mwenyewe."

Fundi akatabasamu, akaushika mkono wa mkutubi kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Bila wewe wasingenisikiliza."