Golikipa wa Bibi Koleta

Eustadia aligundua jambo lile alipokuwa akipangusa vumbi chumbani kwa mama mkwe wake. Juu ya kibao kilichopigiliwa ukutani, pale alipozoea kusimama Mtakatifu Antoni na Mtoto Yesu mikononi, alisimama Mzungu mwenye masharubu, amevaa fulana nzito na kaptula iliyofika magotini. Naye alikuwa amekumbatia kitu kifuani. Eustadia aliisogeza picha mlangoni, kwenye mwanga. Kitu chenyewe kilikuwa mpira.

Ilikuwa picha ndogo, ya zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za sigara, nayo ilikuwa imebandikwa kwa uji mzito wa muhogo juu ya kipande cha boksi la sabuni. Kipande kilikatwa kwa wembe kikalingana na picha ya mtakatifu pembe kwa pembe. Uangalifu ule ndio uliomtisha Eustadia. Aliyeifanya kazi ile hakuwa akicheza.

"Unapangusa nini muda wote huo, mwanangu?" aliuliza Bibi Koleta kutoka kitandani. "Utamchubua Antoni wa watu."

"Vumbi, mama. Leo upepo umezidi."

Akairudisha picha mahali pake, kwa kuwa hakujua pengine pa kuiweka.

Bibi Koleta alikuwa na ukungu machoni. Mtu akisimama mbele yake aliona umbo tu, kama anayetazama kupitia chandarua. Alikuwa binti wa mpagazi wa Kwihara, na utotoni aliwahi kukaa na mama yake kando ya njia ya misafara, wakingoja kuona kama baba alikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka pwani. Kungoja alikujua. Lakini tangu mwanawe Damas, mume wa Eustadia, alipochukuliwa jeshini, Keya, na kupelekwa kaskazini kupigana na Wataliani, alishindwa hata kumeza uji. Siku ya kupanda treni Damas alimwachia mama yake ile picha ya Antoni, akamwambia kwa utani, maana alikuwa mtu wa utani: "Huyu kazi yake ni kutafuta vilivyopotea. Ukiniona kimya, mtume." Bibi aliupokea utani ule kama agizo.

Wanawake wa parokia waliokuwa na watoto vitani walikubaliana kwamba picha ile izunguke. Kila nyumba ikae nayo siku tisa za novena, kisha mwenye nyumba aikabidhi kwa mwenzake, na anayepokea aibusu mbele ya anayetoa. Bibi Koleta ndiye aliyeanza. Tangu aanze alikuwa anakula, tena anaomba mlenda uongezwe. Novena ilikuwa imeshapita katikati, na aliyefuata kupokea alikuwa Apolinaria, Mama Hilari, mwenye macho mazima kabisa.

Eustadia alimkuta mwanawe nyuma ya jiko. Anselm alikuwa amepanga picha zake za wachezaji juu ya ungo kama timu iliyo uwanjani, mabeki nyuma, washambuliaji mbele. Golini aliweka kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Antoni yuko wapi?"

Mtoto hakujifanya hajui. "Kwa Ngollo wa kambi ya reli. Tulibadilishana."

"Ulibadilishana mtakatifu!"

"Ngollo alikuwa na golikipa, mama. Tabora nzima hakuna mwingine. Nilimpa Lukumani, akakataa. Nikamwongezea Bwana Shauri, akakataa. Akasema anamtaka yule wa bibi, mwenye mtoto."

Majina ya Kiingereza yaliyochapwa chini ya picha Anselm hakuweza kuyasoma, kwa hiyo wachezaji wote aliwabatiza upya. Lukumani alikuwa winga mwembamba, aliyepewa jina la mpeleka barua mmoja mwenye mbio. Bwana Shauri alikuwa beki mwenye tumbo.

"Na bibi yako sasa anamwomba nani?"

Anselm alitazama ungo. "Bibi anaona kivuli tu. Huyu naye ameshika kitu kifuani." Halafu akasema polepole, "Tena huyu hadondoshi, mama. Anadaka kila kitu."

Mkono wa Eustadia uliinuka kumchapa, ukaishia kushika nguzo ya jiko. Picha zile zilianza na Damas mwenyewe. Alikuwa akihudumia baa katika klabu ya Wazungu, na kila jioni aliokota pakiti zilizotupwa, akazifungua, akamletea mwanawe mchezaji mmoja, siku nyingine wawili. Watoto wa mtaa wa Isevya walikuwa wakija uani kuzirusha ukutani, na ambaye picha yake ilianguka karibu zaidi na ukuta ndiye aliyezoa zote. Anselm hakuwahi kuirusha timu yake. Aliitunza kwa ajili ya baba yake. Vita ilipoanza, pakiti zikaanza kuja bila picha, na golikipa alikuwa bado hajapatikana.

"Baba alisema nini kuhusu golikipa?" Eustadia aliuliza, ingawa alikuwepo siku ile na alisikia.

"Alisema nikimpata golikipa timu itakuwa imetimia, naye atakuwa amesharudi." Mtoto alimtazama mama yake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgumu wa kuelewa. "Sasa nimempata."

Kumwambia kwamba baba yake alisema vile ili asilie stesheni, lilikuwa neno ambalo Eustadia mwenyewe hakutaka kulisikia.

Kesho yake alikwenda misheni, akaomba picha nyingine ya Antoni. Sista Benedikta alifungua kabati, akapekua bahasha moja baada ya nyingine, akatoka na picha ya malaika iliyoliwa na mende.

"Picha zilikuwa zikija na meli kutoka Ulaya, mwanangu. Siku hizi hakuna kinachokuja. Hata divai ya misa Padri anaitia kwa kujibana. Kwani ya mama mkwe wako imepatwa na nini?"

"Imechakaa, Sista."

"Kuchakaa si kitu. Mwambie aendelee kusali."

Ikabaki kambi ya reli. Eustadia alifunga karanga kwenye kitambaa, ili asiende mikono mitupu kudai kitu cha watu, akatoka jua likiwa bado chini. Njiani aliyapanga maneno. Angesema watoto wamefanya utoto wao, nao wakubwa warekebishe, kila mmoja achukue chake. Golikipa alikuwa naye, ndani ya mkunjo wa kanga. Asubuhi alikuwa amekifunika kibao kwa kitambaa, akamwambia bibi kuta zinapakwa udongo, asali kitandani kwa leo.

Mama yake Ngollo aliitwa Minza, mwanamke kutoka upande wa Nzega, ambaye mumewe alifanya kazi ya kupanga njia za treni. Hakuwa Mkristo. Alikuwa ameketi mlangoni, amempakata mtoto mchanga aliyevimba macho.

"Mwangaluka, mayu," Minza alisalimu kwa lugha ya kwao, akimwita mama. "Karibu ndani, usisimame juani. Wewe si mama yake Anselm? Mmefanana midomo."

"Ndiye mimi. Nimekuja..."

Lakini alikuwa ameshaingia, na macho yake yalikuwa yameshaona. Mtakatifu Antoni alikuwa juu ya kitanda, ametundikwa kwa mwiba ukutani, pembezoni dhahabu ikimetameta. Chini yake, juu ya kigoda, palikuwa na unga mweupe wa tambiko kwenye kibuyu kidogo.

"Unamtazama mzee?" Minza alicheka kidogo. "Ngollo ndiye aliyeniletea. Huyu Masele wangu homa ilimkamata, nimemzungusha kila mahali, mpaka kwa daktari wa reli. Hanyonyi, halii. Ngollo akasema bibi yake Anselm ana mzee mmoja mwenye kupenda watoto, ukimtazama tu unaona alivyombeba. Akaenda akamtoa yule Mzungu wake wa mpira. Loo, alivyomlilia Mzungu wake! Usiku alikuwa anamtaja usingizini. Lakini tangu mzee aingie humu, mtoto amenyonya. Jana kanyonya, na leo alfajiri."

Mtoto aligeuza kichwa kifuani kwa mama yake, akatoa sauti nyembamba. Minza alimpapasa mgongo mpaka sauti ile ikaisha.

"Bibi anamtaka?" aliuliza.

Eustadia alikuwa na maneno yake yote, na golikipa mkunjoni. Akaushika mkunjo wa kanga.

"Anamtaka," Minza alijijibu. "Ngollo aliniambia bibi ametoa kwa moyo, nami nikajua mtoto anasema uongo, nikanyamaza. Ulikuwa unafuu wangu. Mchukue, mayu. Cha watu ni cha watu."

Akainuka na mtoto mkono mmoja, akanyoosha mwingine kuuchomoa mwiba. Mwiba ulikuwa umezama udongoni. Akauvuta mara ya kwanza, haukutoka. Alipotaka kuuvuta tena, Eustadia alimshika mkono.

"Mwache hapo. Nilisikia mtoto mgonjwa, nikaja kumwona."

Minza alimtazama usoni, kisha akatazama kanga yake, pale mkono mwingine wa Eustadia ulipokuwa umebana kitu. Alipokea karanga kwa mikono miwili, akapiga goti.

Njia nzima ya kurudi Eustadia alijiuliza kama alikuwa ametenda wema au ameogopa tu. Kwa mtu aliyemtazama, mambo hayo mawili yangeonekana sawasawa. Alipofika alimrudisha golikipa kibaoni, na Bibi Koleta akaja akipapasa ukuta, akapiga magoti, akashukuru kwamba kazi ya udongo imekwisha upesi.

Siku ya kukabidhi, Eustadia alijaribu mara moja tu. "Mama, kuhusu huyu Antoni..."

"Usiniombee akae zaidi," Bibi Koleta alimkata. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. "Nami namtamani. Lakini Mama Hilari naye amezaa. Nitolee kile kitambaa cheupe."

Akaifunga picha mwenyewe, vidole vikizunguka pembe zake polepole. Kwenye ukingo mmoja vilisimama. Kisha vidole vikaendelea, vikafunga fundo.

Alikuwa amekusudia kumwahi Mama Hilari njiani, amwambie kabla hajafika. Lakini Mama Hilari alikuja na wenzake wawili, wakiimba wimbo wa Bikira Maria tangu kona ya kisima, na watu walikuwa wametoka kwenye milango kuwatazama. Waliingia uani wakaketi mkekani. Maneno yakasemwa, amana ikatajwa, na majina ya vijana yakatajwa, Damas na Hilari.

Mama Hilari akafungua fundo.

Aliitazama picha. Aliiinamia, kama mtu anayedhani macho yake ndiyo yenye kosa, akaitazama tena. Wale wawili waliokuwa nyuma yake hawakuona kitu ila mgongo. Akainua uso kwa Eustadia, na Eustadia akautazama mkeka.

"Mbusu, mwenzangu," alisema Bibi Koleta. Uso wake ulikuwa umeelekea pasipokuwa na mtu. "Mbusu bila wasiwasi. Siku zote hizi amenisikiliza. Juzi nimemwota Damas anakula muhogo, amenenepa."

Mama Hilari akambusu golikipa. Hakufumba macho. Kisha akamfunga katika kitambaa, akabana fundo kwa meno, akasimama kuaga.

Langoni aliwaacha wenzake watangulie hatua chache. "Mama Anselm," alisema kwa sauti ya chini, "pale mbele yake ningesema nini?"

"Nisamehe, dada."

"Sikuombi uombe msamaha. Nakuuliza. Mimi nikifika nyumbani, Hilari wangu yuko hukohuko kwenye risasi, nimpigie nani magoti?"

Eustadia alimtazama. Sababu ya Minza alikuwa nayo, ya Damas alikuwa nayo, na ya yule mtoto na ungo wake. Alitafuta katika hizo zote moja ya kumpa mwanamke huyu akaondoka nayo, hakuiona. Mama Hilari akageuka kuwafuata wenzake.

Hapo ndipo Anselm alipotokea nyuma ya nyumba. Aliona kitambaa cheupe mkononi mwa mgeni. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba picha inazunguka. Wakubwa walidhani anajua, na yeye alidhani kilichowekwa kibaoni kwa bibi hukaa kibaoni kwa bibi.

"Wanampeleka wapi?" alisema. Kisha akapiga kelele, "Mama! Wanampeleka wapi? Baba atarudije?"

Akakimbia. Eustadia alimdaka langoni, akamkumbatia kifuani, na mtoto akampiga mateke miguuni, akilia kwa sauti iliyowafanya majirani watoke tena.

"Mwacheni alie," Bibi Koleta alisema kutoka mkekani, sauti yake imejaa huruma. "Naye alikuwa amemzoea."

Eustadia alimbana mtoto kwa nguvu zaidi. Barabarani wale wanawake walikuwa wameshaanza wimbo wao upya, na Mama Hilari alitembea katikati yao na kitambaa mkononi, mdomo umefungwa.